MBOGA ZA MAJANI KWA ASIYE NA KIWANJA

Hebu jiulize: fedha zinapopungua katika nyumba ya mtu wa mjini, ni kitu gani kinachokosekana kwanza? Wengi watajibu haraka kwamba ni unga au mchele. La hasha. Unga hununuliwa kwa mfuko, na mtu mwangalifu huupima kwa kikombe hadi ukamfikisha mwisho wa mwezi. Kinachotoweka kwanza ni mboga. Mboga hununuliwa kila siku, fungu kwa fungu, kwa zile sarafu zinazosalia baada ya nauli na mkaa. Na siku sarafu zisiposalia, ugali huepuliwa ilhali hakuna cha kuusindikizia. Mzazi aliyewahi kuwatengea watoto ugali kwa maji ya chumvi hahitaji kuelezwa zaidi.

Ni kwa ajili ya siku ya namna hiyo ninakuandikia, wewe uliyepanga chumba kimoja au viwili katika nyumba ambayo uwani kwake kumemwagwa saruji hadi ukutani, na wewe unayekaa ghorofa ya tatu, ambaye ardhi huiona kwa kuinama tu. Sina nia ya kukudanganya kwamba utajilisha kwa makopo. Mahindi na mpunga vinataka shamba, na mfuko wa udongo hautakupa debe la unga hata ukiuimbia. Lakini mboga ya majani ni jambo jingine. Mizizi yake haiendi mbali, inakua upesi, na ukiichuma leo inachipua tena kwa ajili ya wiki ijayo.

Wakazi wa Dar es Salaam wenye umri mkubwa watakumbuka mwaka 1974, mvua zilipokuwa zimekosekana na ukapigwa mwito wa Kilimo cha Kufa na Kupona. Watu wa mijini nao walihimizwa kulima. Lakini wakati ule mji ulikuwa bado na nafasi. Sensa ya mwaka 1967 iliukuta mji wa Dar es Salaam na watu wasiofika laki tatu. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa mzima na watu zaidi ya milioni 5.3. Penye mihogo pameota vyumba vya kupanga. Nafasi iliyosalia kwa mkulima wa mboga aghalabu ni kando ya mito, nako kuna hatari yake: mwaka 1999 watafiti waliochunguza mboga zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba baadhi yake zilikuwa na madini ya risasi na kadimi kupita kiasi kinachoruhusiwa. Mchicha wa namna hiyo unang'aa sokoni kama mchicha mwingine wowote. Basi hiyo ni sababu ya pili ya kupanda mlangoni pako, mahali ambapo udongo na maji unavijua vilikotoka.

Njia ninayotaka kukueleza si ya kubuni kwangu. Katika mtaa wa Kibera, Nairobi, ambako nyumba zimebanana mno, bustani za magunia zilienea kuanzia mwaka 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 kuvuruga maisha na kufanya chakula kuwa ghali. Shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités liliwagawia wakazi miche, nao wakajaza magunia udongo na kuyasimamisha milangoni. Gunia lina siri moja tu: hupandwa ubavuni pia. Likisimama huchukua nafasi ya kigoda. Lakini ubavu wake, kama ungeweza kuukunjua na kuulaza chini, ungekuwa tuta zima.

Tafuta kiroba cha sandarusi cha kilo 50, kilichokuwa cha mchele, unga au sukari. Gunia la katani huoza mapema. Kiroba kilichowahi kubeba dawa ya wadudu usikiguse asilani, na makopo ya rangi yaachie kazi nyingine. Kisha tafuta udongo, na hapa usifanye haraka. Udongo mweusi wa juu, sehemu mbili, uchanganywe na sehemu moja ya samadi iliyooza barabara. Samadi iliyooza haina harufu kali, haina joto ukiingiza mkono, na humeguka kama unga wa muhogo uliolowa. Samadi ya kuku iliyo mbichi huunguza mizizi, na wengi wamepoteza miche yao kwa kosa hilo. Kama udongo wako ni mfinyanzi, ongeza mchanga. Kama ni wa kichanga, kama ulivyo udongo mwingi wa Dar es Salaam, ongeza samadi.

Sasa chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, ulitoboe juu na chini liwe bomba. Lisimamishe katikati ya kiroba na ulijaze kokoto. Jaza udongo pande zote hadi usawa wa kopo, kisha livute juu taratibu, kokoto zibaki. Lijaze tena, jaza udongo tena, hadi karibu na mdomo wa kiroba. Ukimaliza utakuwa na nguzo ya kokoto toka chini hadi juu. Hiyo ndiyo njia ya maji. Bila nguzo hiyo maji huishia juu, miche ya chini hunyauka, na mwenyewe hushangaa, maana amemwagilia kila siku. Baada ya hapo toboa ubavuni matundu ya upana wa vidole viwili, yakiachana shubiri moja na kupishana kama matofali ya ukutani. Kiroba cha ukubwa huo hukubali miche kama ishirini na mitano, ubavuni na juu.

Jambo moja kabla hujasimamisha chochote: pima uzito kwa akili. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo mbichi hufika kilo 30, na kiroba kizima hukaribia kilo 100 au kuzipita. Kwenye roshani ya ghorofa usipange viroba kwenye ukingo wa nje. Viweke karibu na ukuta wa nyumba, vichache, na zaidi utumie mabeseni na madumu yaliyokatwa ubavuni. Tena weka kitu cha kukinga matone, usije ukamharibia jirani wa chini nguo alizoanika.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Nilijaza ndoo sita mchanga uliosalia kwenye ujenzi wa jirani, nikapanda mchicha, na sikutoboa hata tundu moja kwa kuogopa kupoteza maji. Wiki ya pili masika yakaanza. Ndoo zikawa visima, mchicha ukageuka manjano na kulala. Nikamlaumu muuza mbegu bure. Mizizi nayo huvuta pumzi, na chombo kisicho na tundu chini huizamisha kama mtu.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu halikunihusu peke yangu. Katika nyumba tuliyopanga tuko familia tano, na ankara ya maji tunaigawana. Viroba vyangu vilipokuwa vitatu nilianza kuvimwagia ndoo moja asubuhi na nyingine jioni, kutoka bomba letu la uwani. Sikuona ubaya. Mwezi ulipokwisha, bibi mmoja tunayeishi naye aliniita kando, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hayo majani yako ni mazuri, lakini sisi wengine hatuyali, na maji yake tunayalipa sote." Nilitafuta jibu nikalikosa. Alikuwa amesema kweli.

Tangu siku ile sijagusa bomba kwa ajili ya mboga. Maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, na yale ya kusuuzia nguo mara ya mwisho, ambayo sabuni yake ni kidogo, yanatosha viroba vyote, mradi yamwagwe kwenye nguzo ya kokoto wala si juu ya majani. Maji ya sabuni nzito na ya dawa ya kung'arishia nguo hayafai. Majirani nao wakaanza kuniletea maji yao ya mchele badala ya kuyamwaga mferejini, na ikawa desturi kwamba anayeleta maji huchuma. Bustani ikaacha kuwa yangu, na malalamiko yakaisha. Kama unaishi katika nyumba ya wengi, ninakushauri uzungumze na wenzako, pamoja na mwenye nyumba, kabla ya kujaza kiroba cha kwanza.

Tena, onja maji. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina chumvi, na maji hayo huacha utandu mweupe juu ya udongo, kisha majani huungua pembeni. Ukiisikia chumvi ulimini, mche utaisikia zaidi.

Upande nini? Anza na matembele, maana hayana maringo. Omba marando kwa mtu mwenye shamba, kata vipande vyenye pingili nne au tano, fukia pingili mbili kwenye beseni lenye matundu, na baada ya mwezi mmoja na zaidi kidogo utaanza kuchuma vichwa. Mchicha huupata upesi zaidi, wiki tatu hadi nne tangu kusia. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu ndipo uzinyunyize, la sivyo zitaota zimesongamana kama nywele. Sukumawiki ndiyo mboga ya kiroba hasa. Isie kwanza katika kitalu kidogo, hata cha sahani kuukuu yenye matundu, ikae wiki nne, ndipo uhamishie miche ubavuni wakati wa jioni. Chuma majani ya chini tu, uache yale ya moyoni, nayo itakulisha kwa miezi mingi. Juu ya kiroba weka vitunguu vya majani au giligilani. Mche mmoja wa pilipili ndani ya ndoo hutosha nyumba nzima. Nyanya usianze nazo. Zinataka jua la saa sita au zaidi, ndoo kubwa, miti ya kuzishikilia, na moyo wa kuvumilia magonjwa. Mboga za majani huridhika na jua la saa nne au tano.

Nitakupa hesabu yangu uipime mwenyewe. Sukumawiki ikikolea, kila mche hunipa majani mawili kwa wiki. Miche ishirini na mitano ni majani hamsini. Sufuria ya watu watano hutaka majani kama ishirini na matano. Kwa hiyo kiroba kimoja ni mboga ya siku mbili katika wiki, na viroba viwili ni siku nne. Mabeseni mawili ya matembele huongeza siku moja, na madumu matatu ya mchicha, yakisiwa kwa kupokezana, huongeza nyingine. Siku ya saba, kwa kweli, hununua dagaa.

Wadudu watakuja. Vidukari hukaa chini ya majani. Tumia majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, yakalowekwa usiku kucha, yakachujwa na kutiwa kipande kidogo cha sabuni ya mche. Nyunyiza jioni, na uoshe mboga vyema kabla ya kupika. Kuku wa jirani ni adui mkubwa kuliko vidukari, na dawa yake ni wavu. Kuna mdudu mwingine ambaye hatugusi mboga bali hutugusa sisi: mbu aenezaye homa ya dengi, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu huyo huzaliana katika maji machache yaliyotuama, hata ya kisahani kilichowekwa chini ya ndoo. Mwaga visahani hivyo na uvisugue, usingoje wiki ipite.

Na ukishachuma usiipoteze faida yake jikoni. Majani haya yana vitamini A na madini ya chuma, vitu ambavyo watoto wadogo na akina mama wajawazito hupungukiwa navyo upesi. Osha kabla ya kukata, pika kwa muda mfupi, usimwage maji yake, na tia mafuta kidogo, kwani vitamini A hupokelewa vizuri mwilini pamoja na mafuta. Kamulia limau mezani, nalo husaidia madini ya chuma kufyonzwa. Chai isubiri, ikinywewa pamoja na chakula huyazuia.

Sandarusi haidumu daima juani. Kiroba changu cha kwanza kilianza kumeguka nyuzi baada ya mwaka na miezi kadhaa, nikakipasua kabla hakijamwagika chenyewe. Udongo niliutandaza juu ya turubai siku nzima, nikaokota mizizi, nikaongeza samadi mpya na maganda ya jikoni yaliyooza. Bibi yule alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akitazama. Nilipokuwa nashika kiroba kipya aliingia ndani, akatoka na fundo la kitambaa lenye mbegu za mnafu alizoletewa kutoka kwao, akaniambia nimwachie upande unaotazama mlango wake.