Uwanja wa Mpira Juu ya Majabali

Upande wa kaskazini wa Ulaya iko nchi iitwayo Norwei, na mbali kabisa katika kaskazini yake viko visiwa vya Lofoten. Huko milima imesimama wima kando ya bahari kama kuta, na watu hukaa katika ukingo mwembamba ulio kati ya mlima na maji. Kijiji kimoja cha visiwa hivyo ni Henningsvær. Wenyeji wake hawatimii hata elfu moja. Tangu zamani kazi yao kuu ni uvuvi, na nyumba zao zimejengwa juu ya visiwa vidogo vya mawe matupu.

Mahali kama hapo nchi tambarare ni kitu cha thamani sana. Kila mwaka, tangu Januari mpaka Aprili, samaki wakubwa waitwao skrei huja makundi makundi kutoka Bahari ya Barents ili watage mayai karibu na Lofoten. Wavuvi huwakata vichwa, huwatoa matumbo, huwafunga wawili wawili kwa mikia, kisha huwaanika juu ya vichanja vya miti. Hawatiwi chumvi kama ng'onda wa pwani yetu. Hukaushwa na upepo na baridi tu. Baada ya miezi yapata mitatu huwa wagumu kama kuni. Wengi huuzwa Italia, na vichwa hupelekwa Nigeria, ambako hupikwa katika mchuzi. Basi vichanja ni riziki ya kijiji, navyo vyataka nafasi kubwa.

Walakini vijana nao wataka mahali pa kucheza. Uwanja wa mpira haupasi kupungua mita 90 kwa urefu, wala mita 45 kwa upana. Tena lazima uwe sawasawa kama sakafu, maana penye mteremko mpira hukimbilia upande mmoja, na timu ya chini huonewa. Katika visiwa vile hapakuwa na mahali pa namna hiyo. Kwa hiyo jabali lenyewe lilisawazishwa, mpaka ukapatikana uwanja kamili. Na kwa kuwa majani hayamei juu ya jiwe, yalitandikwa majani ya bandia yaliyofanywa kiwandani.

Uwanja huo hauna majukwaa makubwa kama viwanja vya mijini. Watazamaji husimama kando yake. Bahari iko karibu, na vichanja vya samaki vimesimama jirani. Hata wakati wa kuanika, mchezaji hunusa harufu ya kazi ya baba yake. Katikati ya majira ya joto jua halituki kwa majuma kadhaa, na mtu aweza kucheza usiku wa manane bila taa.

Siku hizi picha zilizopigwa kutoka angani zimeutangaza uwanja huu duniani, na wageni huenda kuutazama. Lakini wanaoutumia ni wanakijiji, wala si mabingwa wa kulipwa. Hapo pana fundisho. Wavuvi hawa wangeweza kusema kwamba kila hatua ya nchi tambarare ni ya samaki, kwa kuwa samaki ndio chakula na fedha. Hawakusema hivyo. Kijiji kinachotafuta nafasi ya kuanika samaki, na kisiwatafutie watoto wake nafasi, kitawapata wapi wavuvi wa kesho?