Presha Iliyopanda Sana: Kisomo na Daktari Bingwa Havipingani



Mama zetu, dada zetu na ndugu zetu, wiki hii twaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa baada ya sala ya Isha katika nyumba moja ya mtaani kwetu. Mama wa nyumba hiyo, ambaye hakuwa amefika hata miaka 50, alilalamika kichwa kumuuma vikali kisogoni na macho kuona ukungu. Watu wa nyumbani walikuwa wamekwisha kukata shauri kwamba ni kijicho. Tulimsomea Ayatul Kursiy na Muawwidhatayn, tukamsomea na maji akanywa, tukamwambia alale apumzike, kisha tukaenda zetu. Hatukuuliza kama amepimwa presha.

Alfajiri tuliitwa tena. Mdomo ulikuwa umekwenda upande na mkono wa kulia haunyanyuki. Hospitalini kipimo kilisoma 220 kwa 130. Alhamdulillah aliokoka na mauti, lakini hadi leo havai buibui lake ila kwa kusaidiwa na bintiye. Baadaye ndipo tulipoambiwa kuwa alikuwa na vidonge vya presha tangu miaka miwili nyuma, akaviacha kwa sababu alijiona mzima.

Hapo ndipo penye hatari ya maradhi haya. Shinikizo la damu halina kilio. Mtu aweza kupika, kufua, kwenda arusini na kurudi, na huku mishipa yake inaumia siku baada ya siku. Vidonge vikiishusha presha, mgonjwa hudhani amepona, kumbe ni dawa iliyoishikilia. Akiziacha, presha hupanda tena, naye hana habari mpaka moyo, figo, macho au ubongo umedhurika.

Namba zasemaje?

Kipimo kina namba mbili: ya juu, moyo unapokaza kusukuma damu, na ya chini, moyo unapolegea. Kwa mtu mzima, 120 kwa 80 au chini kidogo ni hali njema. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, huhesabiwa kuwa presha ya juu.

Ikifika 180 kwa 120 au kupita, keti utulie dakika tano, upime tena. Ikiwa imebaki juu, nawe waumwa na kifua, wakosa pumzi, kichwa chauma vikali, macho hayaoni sawasawa, ulimi wawa mzito, umechanganyikiwa, au upande mmoja wa mwili umelegea, hilo ni jambo la dharura. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, wala usingoje kupambazuke. Ikiwa huna dalili hizo, bado usilipuuze. Wasiliana na daktari siku hiyo hiyo. Wala mtu asimeze vidonge maradufu ili kuishusha haraka, kwani presha ikianguka kwa ghafla yaweza kuunyima ubongo damu.

Mja mzito ana hukumu yake. Kwake yeye 140 kwa 90 ni sababu ya kwenda kliniki siku hiyo, na 160 kwa 110 ni dharura hata kama hahisi lolote, kwa kuchelea kifafa cha mimba. Kichwa kikali, kuona vimulimuli, maumivu chini ya kifua, au uso na mikono kuvimba ghafla, yote hayo hayangojewi.

Aliye mjuzi zaidi

Wako wanaodhani kwamba kumtafuta bingwa ni upungufu wa tawakkul. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba mtu mmoja alijeruhiwa zama za Mtume (S.A.W.), wakaitwa watu wawili wa Bani Anmar wamtazame. Mtume aliwauliza ni yupi kati yao aliye mjuzi zaidi wa tiba. Na katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa kuwa Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mtume alimwekea mkono wake mtukufu kifuani, kisha akamwelekeza aende kwa Harith bin Kalada, tabibu wa Thaqif. Basi ikiwa mkono wa Mtume haukuzuia Saad kupelekwa kwa tabibu, kisomo chetu sisi kitazuiaje?

Wagonjwa wengi hutosheka na huduma ya zahanati iliyo karibu. Lakini omba barua ya kupelekwa kwa bingwa ikiwa watumia dawa tatu za presha kama ulivyoagizwa na bado haishuki, ikiwa maradhi yalikuanza ungali kijana chini ya miaka 30, ikiwa presha iliyokuwa imetulia imepanda ghafla, au ikiwa mkojo umeonekana na protini. Bingwa wa moyo, wa figo au wa homoni aweza kugundua sababu iliyojificha, kama mshipa wa figo uliobana au uvimbe mdogo katika tezi iliyo juu ya figo. Hupima damu na mkojo kuangalia figo, hupima umeme wa moyo, na huagiza macho yatazamwe kwa ndani.

Uendapo, chukua dawa zako zote na daftari la vipimo, na useme kweli. Taja vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za maumivu ya viungo kama diclofenac, na kila mitishamba unywayo, kwani baadhi yake hupandisha presha au hugongana na dawa.

Kwa dada zetu: pakikosekana tabibu mwanamke, sheria imeruhusu kutibiwa na mwanamume kwa kiasi cha haja. Nanyi waume, msimfanye mke angoje idhini kwa saa ambayo uhai wake uko hatarini. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sheria.

Nyumbani na jikoni

Kabla ya kupima, mtu aende haja, akae dakika tano ameegemea, miguu chini bila kuipandanisha, mkono usawa wa moyo, wala asizungumze. Asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita.

Shirika la Afya Duniani lashauri chumvi isipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika ng'onda, papa mkavu, achari na vidonge vya supu. Ndimu, bizari na kitunguu thaumu vyaweza kukipa chakula ladha bila chumvi nyingi. Ama mwezi wa Ramadhani, usibadilishe wala kuacha dawa kwa rai yako. Mwone daktari kabla ya mwezi kuandama, akupangie saa za futari na daku. Akikukataza kufunga, ruhusa ya mgonjwa imo katika Qur'ani, wala si aibu kuichukua.

Tangu usiku ule, tukiitwa kusomea mgonjwa twachukua mashine ya kupimia presha pamoja na msahafu. Twapima kwanza, kisha twasoma, na gari likihitajika twasomea ndani ya gari. Yule mama tulimwomba radhi, naye alitusamehe. Twawaomba nanyi, kabla ya wiki kwisha, kila nyumba impime mama yake.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Wabillahi tawfiq.