Je, Wajua? Maneno ya nyumbani ni sehemu ya tiba

Lubumbashi kuna kituo cha magonjwa ya akili chenye jina la Joseph Guislain, daktari wa Ghent, Ubelgiji, aliyefariki mwaka 1860 baada ya kutetea wagonjwa wa akili watunzwe kwa utu. Lakini kituo kikimaliza kazi yake mgonjwa hurudi kwao, na huko ndiko mengi huamuliwa. Kuanzia miaka ya 1950, George Brown na wenzake jijini London walifuatilia wagonjwa wa skizofrenia waliotoka hospitalini: walioishi na ndugu wenye lawama nyingi waliugua tena mara nyingi zaidi. Je, basi familia ndiyo iliyoleta ugonjwa? Hapana. Urithi, ubongo na misukosuko ya maisha vina sehemu yao. Familia hurahisisha au huzidisha mzigo. Kulala mpaka saa sita mchana na kukataa kuoga huitwa uvivu, ilhali mara nyingi ni dalili. “Maji yako tayari, kaka” humfikia mtu ambaye makaripio hayamfikii.

Wengine watasema ugonjwa huu ni uchawi, dawa yake ni maombi. Sala haigombani na kidonge, na anayeombewa hupata faraja ya kweli. Hatari ni pale mgonjwa anapoamriwa kufunga na kuacha dawa ghafla, maana ugonjwa hurudi, pengine kwa ukali zaidi. Mgonjwa akikesha usiku mbili tatu mfululizo, mrudisheni kwa daktari mapema, kabla hali haijaharibika.