Chakula cha Shule na Meno ya Watoto

Mtoto afikapo umri wa miaka 6 hivi, wakati wa kuanza shule, gego lake la kwanza la kudumu huota nyuma ya meno ya utoto. Wazazi wengi hulidhania kuwa ni la utoto. Likioza, husema litaota jingine. Halioti.

Vijidudu vya kinywani hugeuza sukari kuwa asidi inayokula jino, na kila mtoto atiapo peremende kinywani kazi hiyo huanza upya. Biskuti nazo hunata kati ya meno kwa muda mrefu. Afadhali mama amfungie mahindi ya kuchemsha, njugu au yai, pamoja na chupa ya maji au maziwa yasiyotiwa sukari. Vitamu viliwe nyumbani, wakati wa chakula, kabla ya kupiga mswaki.