Kuisoma Ndege Ipitayo Juu ya Lagangabilili

Lugha yetu imempa kiumbe mwenye manyoya na chombo cha chuma jina moja: ndege. Tofauti huonekana katika upatanisho wa sarufi tu: ndege huyu, ndege hii. Mwanafunzi wa kijijini humtambua mwewe kwa umbo la mabawa yake, bila kumshika. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba chombo nacho chaweza kutambuliwa kwa njia iyo hiyo.

Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, ni mahali pafaapo kwa kazi hiyo. Nchi ni wazi, na wakati wa kiangazi anga huwa safi. Mstari ulionyooka kutoka Mwanza hadi Kiwanja cha Kilimanjaro hupita jirani na Bariadi, na upande wa mashariki iko Hifadhi ya Serengeti yenye viwanja vidogo vya watalii. Nilipozuru huko niliwasikia wanafunzi wakiiita kila jeti ndogo nyeupe "ndege ya Rais". Nikawauliza, "Mmejuaje?" Hakuna aliyejibu.

Umbo lasemaje?

Tuanze na mahali pa injini. Ndege kubwa za abiria, kama Boeing 787 ya Air Tanzania, hubeba injini chini ya mabawa. Jeti za biashara, yaani zile zinazosafirisha viongozi na matajiri, huwa na injini mbili ubavuni, karibu na mkia. Sababu yake ni rahisi. Ndege hizi ni ndogo na miguu yake ni mifupi. Injini ikitundikwa chini ya bawa itakaribia mno ardhi. Na kwa kuwa injini ziko nyuma, bawa dogo la mkia hupandishwa juu ili liepuke hewa ya moto itokayo humo. Hivyo mkia hufanana na herufi T.

Lakini tahadhari! Dash 8-400, ndege ya mapangaboi inayotumiwa na Air Tanzania, nayo ina mkia wa namna hiyo. Dalili moja haitoshi. Hatuna budi kutafuta ya pili na ya tatu.

Rula na sikio

Jeti ya biashara aina ya Gulfstream G550 ina urefu wa mita 29 hivi. Shika rula kwa mkono ulionyooshwa, sentimita 60 kutoka jichoni, ndege inapopita utosini. Tuseme yaonekana kuwa na urefu wa milimita 1.5. Kwa kanuni ya pembetatu zinazofanana, umbali wake ni 29 × 600 ÷ 1.5, yaani mita 11,600. Lakini ukikosea kwa nusu milimita tu, jibu litakuwa mita 8,700 au 17,400. Basi usiandike jibu bila kuandika pia kiasi cha kosa linalowezekana.

Sikio nalo lina somo lake. Sauti ya ndege iliyo juu kiasi hicho huchukua zaidi ya nusu dakika kutufikia. Ndege iendayo kilomita 900 kwa saa hupita mita 250 kila sekunde. Sauti inapofika, yenyewe imekwisha kwenda kilomita tisa hivi mbele. Ndiyo maana tukiitafuta kule sauti itokako hatuioni.

Herufi zasemaje?

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 uliamua kwamba kila ndege iwe na uraia wa nchi ilikosajiliwa, na ichorwe alama yake. Zamani ndege za Tanganyika zilichorwa VR-T. Leo za Tanzania ni 5H, za Kenya 5Y, za Uganda 5X, za Omani A4O, na za Marekani N. Jeti ya Serikali yetu, Gulfstream G550, imesajiliwa 5H-ONE. Wanafunzi wangu wa Itilima wangekuwa na haki ya kusema "ndege ya Rais" kama wangeziona herufi hizo, jambo lisilowezekana kwa macho matupu katika umbali wa kilomita kumi.

Mahali pazuri pa kuzisoma ni kwenye maonyesho ya biashara ya ndege, kama yale ya Dubai yafanyikayo kila baada ya miaka miwili. Hapo ndipo, Novemba 2021, Boeing ilipotangaza kwamba Tanzania imeagiza ndege zake nne. Jeti za biashara nazo hufika huko, na watazamaji wenye darubini huandika alama zao daftarini. Hata hivyo, alama hutaja nchi ya usajili, si mwenye mali. Jeti yenye T7 imesajiliwa San Marino, ingawa mwenyewe huenda hajawahi kukanyaga huko.

Daftari lina uzito

Wako wanaouona mchezo huu kuwa wa kitoto. Lakini Novemba 2001, Waingereza 12 na Waholanzi wawili walikamatwa Ugiriki baada ya kutembelea maonyesho ya ndege katika kambi ya Kalamata. Walihukumiwa Aprili 2002, wengine kwa ujasusi, kisha wakaachiwa katika rufaa Novemba mwaka huo. Funzo: usiandike wala kupiga picha penye kiwanja au kambi bila ruhusa.

Upande wa pili, miaka ileile, shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilisafirisha watuhumiwa wa ugaidi kwa siri katika jeti za biashara. Moja ilikuwa Gulfstream V yenye alama N379P. Watazamaji wa kawaida waliipiga picha viwanjani; waandishi wa habari wakalinganisha kumbukumbu zao na rekodi za safari, na siri ikafichuka. Septemba 2006 Rais wa Marekani alikiri hadharani kuwapo kwa magereza hayo ya siri.

Watazamaji wale hawakujua ndani ya ndege mna nani, wala hawakubuni. Waliandika siku, saa, mahali, umbo na herufi, basi. Kumbukumbu zao ziliaminika kwa sababu hiyo.

Jaribio

Kwa muda wa mwezi mmoja, darasa liandike kila ndege ionekanayo kutoka uwanjani pa shule: saa, upande itokako na iendako, mahali pa injini, umbo la mkia, na sekunde kati ya kuiona utosini na kuisikia utosini. Msilitazame jua. Penye shaka, andikeni "haikutambulika". Neno hilo si aibu katika sayansi.