Roboti Katika Tiba: Mkono wa Daktari Unaovuka Bahari (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi roboti zilivyoingia hospitalini mwaka 1985, pale mkono wa chuma uliobuniwa kwa kazi za viwandani ulipotumika kuelekeza sindano ndani ya ubongo wa mgonjwa. Sehemu hii inaeleza namna roboti ya upasuaji inavyofanya kazi, na kwa nini haiwezi kuachiwa kazi hiyo peke yake.

Roboti ya upasuaji haiamui jambo lolote. Daktari huketi mbele ya skrini inayomwonyesha sehemu za ndani ya mwili, akiwa ameshika vishikizo viwili. Kila anapovisogeza, kompyuta huugeuza msogeo huo kuwa ishara na kuipeleka kwenye mikono ya mashine iliyo kando ya kitanda, nayo husogeza kamera, koleo na mkasi mwembamba vilivyoingizwa mwilini kupitia matundu madogo. Kompyuta hiyo huchuja mtetemeko wa asili wa mkono, na huweza kupunguza msogeo mkubwa wa daktari ukawa wa milimita chache tu ndani ya mwili.

Kwa kuwa kinachosafiri baina ya daktari na mashine ni ishara, umbali baina yao unaweza kurefushwa. Tarehe 7 Septemba 2001, Profesa Jacques Marescaux, akiwa New York, alimwondolea mfuko wa nyongo mwanamke wa miaka 68 aliyelazwa Strasbourg, Ufaransa, kwa kutumia roboti iitwayo Zeus. Ishara zilivuka bahari ya Atlantiki kwa mkongo wa mawasiliano, yaani nyuzi nyembamba za kioo zipitishazo ishara kwa njia ya mwanga, na tangu mkono usogee hadi daktari auone msogeo huo kwenye skrini zilipita takriban sekunde 0.15. Ucheleweshaji huo ndio uliokuwa hatari kubwa, kwa sababu daktari anayeona kwa kuchelewa huweza kukata mahali asipokusudia. Ndiyo maana madaktari wengine walikuwapo kando ya mgonjwa, tayari kuendelea kwa mikono yao endapo mawasiliano yangekatika.

Funzo la siku ile, kwamba mashine huhitaji madaktari wenye ujuzi na mawasiliano yasiyokatika, linaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja, kwani taasisi ya mafunzo ya upasuaji iitwayo IRCAD, aliyoianzisha Marescaux mjini Strasbourg mwaka 1994, ilifungua tawi Kigali, Rwanda, mwaka 2023, ili madaktari wa Afrika wajifunze upasuaji wa matundu madogo bila kuvuka bahari. Kuanza na mafunzo namna hiyo ndiko kunakofaa kuigwa: kwanza afundishwe daktari na muuguzi, uhakikishwe umeme na mkongo usiokatika, kisha ndipo inunuliwe mashine. Roboti hurefusha mkono wa daktari; ujuzi wenyewe hauna budi kuwapo kwanza.