Usukani au Padi: Mtoto Akikuomba, Umnunulie Kipi?

Mwanangu ana umri wa miaka 16, na kwa miezi mitatu amekuwa akiniomba kitu kimoja tu: usukani. Si usukani wa gari, kwani gari hatuna, bali wa kuchezea mashindano ya magari kwenye PlayStation iliyopo sebuleni kwetu. Hoja yake ilikuwa kwamba padi, kile kifaa cha kushika kwa mikono miwili chenye vitufe na vijiti vya kusukuma kwa dole gumba, ni ya watoto, na kwamba achezaye kwa usukani hujifunza udereva bila ada. Bei niliyotajiwa dukani ilikuwa mara tano ya bei ya padi. Nikaona si busara kukubali wala kukataa kabla sijalielewa jambo lenyewe.

Tofauti ya kwanza ni ya nafasi. Kijiti cha padi, kutoka katikati hadi ukingoni, husogea kiasi kisichozidi upana wa kidole. Ndani ya nafasi hiyo finyu mchezaji hana budi kupata kona kali na kona ya pole pia. Usukani wa kuchezea, aghalabu, huzunguka nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu, ambayo inakaribiana na ile ya gari la kawaida. Mikono hupata nafasi ya kupima.

Watengenezaji wanaujua udhaifu huo wa padi, na kwa hiyo programu ya mchezo humsaidia mwenye kuitumia: hulainisha mtikisiko wa kidole chake, na gari likienda kasi hupunguza kiasi cha magurudumu kukata kona. Msaada huo hauonekani, lakini ndio unaomwezesha mtoto mwenye padi kubaki barabarani, ilhali aliyeshika usukani kwa mara ya kwanza hugonga ukuta.

Tofauti ya pili ni ya habari. Ndani ya usukani mzuri mna mota inayosukumana na mikono ya mchezaji. Matairi ya mbele yakianza kuteleza, usukani huwa mwepesi ghafla. Gari likipanda ukingo wa barabara, hutikisika. Sehemu ya nyuma ikichomoka, huvuta mikono kabla jicho halijatambua. Padi nayo hutetemeka, lakini habari yake ni kama ya mtu abishaye hodi asitaje jina. Hali ni hiyo hiyo kwa breki. Katika padi ni kitufe cha kubonyeza kwa kidole, lakini pedali zilizo bora hupima nguvu ya mguu, kama breki ya gari inavyotaka.

Niliyasoma hayo yote, kisha nikataka kuyaona. Kijana wa jirani alituazima usukani wake, na jioni moja, baada ya kurudi kutoka msikitini kwa swala ya Isha, tukaufunga kwenye meza ya chakula. Siku hiyo shemeji yangu alikuwa ametutembelea. Yeye ni dereva wa lori, na kwa zaidi ya miaka 20 ameifahamu barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma kama kiganja chake. Mwanangu akamkaribisha kwenye kiti kwa heshima na kwa tabasamu la anayejua kitakachofuata.

Kona ya kwanza, shemeji akaingia ukutani. Ya pili, vivyo hivyo. Mwanangu akachukua padi, akazunguka uwanja wote bila kugusa kitu.

"Mjomba," shemeji akamwita, kwa jina lile lile ambalo mjomba na mpwa huitana, "umenishinda. Lakini mimi gari hunisemesha mgongoni kabla ya mikononi. Kiti hiki kimenyamaza." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na katika njia hii yako, mpira ukitoka uchochoroni, mtoto anaufuata?"

Mwanangu akasema hapana, hakuna mtoto wala uchochoro.

"Basi hujaendesha bado," akajibu.

Mwanangu hakuwa bila hoja. Alinitajia Jann Mardenborough, kijana wa Uingereza aliyeshinda mashindano ya GT Academy mwaka 2011. Mashindano hayo yaliwatafuta madereva miongoni mwa wachezaji wa Gran Turismo, mchezo uliotoka mara ya kwanza mwaka 1997. Miaka miwili baada ya ushindi wake, alimaliza wa tatu katika daraja lake kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Ni kweli tupu. Lakini kati ya mchezo na mbio hizo palikuwa na mafunzo ndani ya magari halisi. Tena mwaka 2015, katika mbio za Nürburgring, Ujerumani, gari lake lilinyanyuka hewani, likavuka uzio, na mtazamaji mmoja akafariki dunia. Siyataji haya kwa kumlaumu. Nayataja kwa sababu katika mchezo ajali hufutwa kwa kubonyeza kitufe, na barabarani kitufe hicho hakipo.

Basi mzazi mwenzangu, ikiwa mwanao anacheza kwa burudani, padi iliyokuja na mashine yamtosha, na wala si kifaa cha kitoto. Ikiwa anayapenda mashindano haya kwa dhati na uwezo unao, usukani utampa ladha ambayo padi haina. Hakikisha kwanza kwamba unakubaliana na mashine yenu, kwani si kila usukani hufanya kazi na kila mashine, na kwamba mna meza isiyoyumba. Ila usiununue kwa kudhani unanunua udereva.

Nyumbani kwetu usukani tuliurudisha kwa mwenyewe. Fedha niliyoiweka kando haikurudi mfukoni. Itakuwa ada ya chuo cha udereva, mwanangu atakapotimiza miaka 18. Alinuna siku mbili. Ya tatu alimpigia mjomba wake simu kumwuliza gari husemaje mgongoni.